Usinunue namba, nunua miksi: niliyoyaona kwenye kukusanya diski adimu za saraundi

Kwa yeyote anayetaka kuingia kwenye hii kazi ya kukusanya diski za muziki wa saraundi, ule wa kuzungukwa na spika mbele na nyuma, yaani SACD, DVD-Audio, Blu-ray za muziki mtupu na ndugu zao, mi naanza na jambo moja ambalo ndo limeniongoza miaka yote: pale kinachotafutwa ni miksi, yaani namna injinia alivyopanga kila sauti ikae spika ipi. Wengi wanavutwa kwanza na namba. Unasoma kwamba SACD inatumia njia ya kurekodi iitwayo DSD, ya megahezi 2.8224, mara 64 ya zile kilohezi 44.1 za CD ya kawaida, unasoma DVD-Audio inabeba chaneli sita za biti 24 kwa kilohezi 96, na ukiwa mtu wa kupenda sauti nzuri moyo unaenda mbio. Namba ni za kweli na kazi yake ipo, sizibezi hata kidogo. Ila nimeshakaa na diski zenye namba kubwa kabisa ambazo hazina uhai, spika za nyuma zinatoa mwangwi tu kama mtu anaimba bafuni, na ninazo nyingine zilizotoka kwenye kanda za miaka ya 1970 ambazo kila nikiziweka naacha chochote nilichokuwa nafanya.

Miksi ya saraundi ni kazi inayojitegemea. Wimbo ukirekodiwa studio kila chombo kinakaa kwenye trako yake, besi peke yake, gita peke yake, waitikiaji peke yao, afu injinia anakaa anaamua nani akae wapi na kwa nguvu gani. Kwenye stereo wote hao wanagombania spika mbili, kwa hiyo injinia analazimika kubana huku, kupunguza kule, kuficha kinanda nyuma ya gita ili mwimbaji asikike. Akipewa spika nne au tano anakuwa na nafasi. Hana haja ya kumfunika mtu. Ndo maana ukisikia watu wanasema "kwenye saraundi nimesikia vitu sijawahi kuvisikia kwenye huu wimbo" hawatii chumvi, vile vitu vilikuwepo kwenye kanda siku zote, vilikosa pa kukaa tu.

Nina namna yangu ya kuipima diski ngeni, na hii ndo naipenda kuliko zote. Naisikiliza kwanza nzima kwa kawaida, mara ya pili nazima spika za mbele. Kama deki imeunganishwa na zile waya sita za analogi, kila chaneli na waya yake, ni rahisi, unachomoa mbili za mbele, ya katikati na ya sabufa, zinabaki za nyuma peke yake. Kuna albamu moja ya zamani ya chaneli nne nilifanya hivyo, nikasogeza kiti hadi karibu na spika ya nyuma kushoto. Kwenye stereo hiyo nyimbo ni ngoma na gita moja linalochapa kwa mkwaruzo, ndivyo nilivyoijua miaka yote. Nyuma kushoto pale kulikuwa na gita la pili, la nyuzi laini, linajibu kila mstari wa mwimbaji, mpaka pumzi ya mpigaji unaisikia kabla hajaingia, na kulia waitikiaji watatu ambao kwenye stereo wanasikika kama sauti moja, hapa kila mtu na koo lake, mmoja anachelewa kidogo kumaliza neno. Huyo mchelewaji sijawahi kumsikia kwenye toleo jingine lolote. Nikarudisha waya zote, nikaanza upya, na toka siku hiyo huo wimbo kwangu ni mwingine. Kitu kama hicho huwezi kukijua kwa kusoma biti na kilohezi kwenye kava.

Sasa diski ambayo ukizima za mbele unabaki na mwangwi wa ukumbi tu, hiyo nayo isitupwe haraka. Kwenye muziki wa klasiki ndivyo inavyotakiwa mara nyingi, wanamuziki wako jukwaani mbele, nyuma yako ni kuta za ukumbi, na mwangwi ule ukirekodiwa vizuri unakuonyesha ukubwa wa chumba mpaka unahisi dari ilipo. Ninachokikataa ni ile saraundi ya kubandika, ambapo mtu amechukua stereo iliyokwisha akaipitisha kwenye mashine ikamwagia vitu nyuma. Hiyo ukizima za mbele unaijua mara moja, kila kitu kipo kila mahali, mwimbaji yupo nyuma pia, matoazi yanachafuka, hakuna mtu aliyeamua chochote.

Niongee kidogo kuhusu hizo za chaneli nne maana hapo ndipo utajiri mkubwa ulipo na ndipo wakusanyaji wengi tunamalizia. Mwaka 1970 kampuni ya RCA walianza kutoa kanda za kasha za nyimbo zenye chaneli nne, zinaitwa Q8, afu zikaja santuri. CBS wakaja na mfumo wa SQ, Sansui wakaja na QS, JVC na RCA wakaja na CD-4, na hakuna uliokuwa unasikilizana na mwenzake. SQ na QS zilikuwa zinazikunja chaneli nne ndani ya mbili kwa hesabu za awamu za mawimbi, ukifika nyumbani kifaa chako kinazikunjua, ila haziachani vizuri, za mbele na za nyuma zinavujiana. CD-4 ilikuwa inaziachanisha kweli, lakini ilificha habari za nyuma kwenye wimbi la kilohezi 30 ndani ya mfereji wa santuri, masafa ambayo sikio halisikii, na sindano ya kawaida ilikuwa inayafuta jinsi unavyopiga, ndo ikabidi itengenezwe sindano ya umbo maalumu, ya Shibata, ambayo hadi leo wapenzi wa santuri wanaitumia hata kwa stereo. Wanunuzi wakachoka na huo mchanganyiko, na miaka ya 1970 haijaisha biashara yote ikafa.

Fikiria maana yake. Mainjinia walikaa studio wakapanga albamu nyingi kwa spika nne, kazi safi kabisa, lakini walionunua santuri, wengi wao hawakuisikia kama ilivyopangwa, walisikia kivuli chake. Kanda za masta zikarudi ghalani. Halafu zaidi ya miaka ishirini baadaye ikaja SACD mwaka 1999, kazi ya Sony na Philips, diski inayoweza kubeba chaneli zote zikiwa zimeachana kabisa, na polepole watu wakaanza kuzifungua zile kanda. Kwa hiyo ukiiweka SACD ya miksi ya 1974 unasikia kitu ambacho hata aliyekuwa na hela na vifaa vyote mwaka 1974 hakukisikia hivyo labda awe na kanda ya rili. Mi hilo linanigusa sana. Kuna mtu alifanya kazi yake vizuri, dunia ikashindwa kuipokea, na kazi ikasubiri.

Wanaofanya hiyo kazi ya kufufua si wengi. Pentatone, lebo iliyoanzishwa 2001 na watu waliotoka Philips Classics, walichukua rekodi za klasiki ambazo Philips walizirekodi kwa chaneli nne miaka ya 1970 na hazikuwahi kutolewa kwa chaneli nne, wakazitoa kwenye SACD kwa alama ya RQR. Dutton Vocalion wa Uingereza wanatoa SACD ambazo mara nyingi zina albamu mbili nzima kwenye diski moja, jazi, soul, okestra za muziki mwepesi, vitu ambavyo lebo kubwa zilishavisahau. Audio Fidelity wa Marekani walitoa mfululizo wa rock kwa idadi ndogo, kila kopi imepigwa namba yake. Sony Japani nao wana mfululizo wao mzuri kwenye makava makubwa ya kadibodi ya ukubwa wa santuri ya inchi saba, ndani yake kuna vitu kama Lotus ya Santana kwa chaneli nne. Na kuanzia 2023 lebo ya Rhino wamekuwa wakitoa zile za chaneli nne kwenye Blu-ray chini ya jina Quadio, hizo nazo ukizichelewa unazikuta mikononi mwa watu tu.

Kuna nyingine ambazo watu hawazihesabu kwenye saraundi lakini mi naziweka rafu moja nazo: rekodi za Living Stereo za RCA, kazi iliyoanza 1954. Nyingi zilirekodiwa kwenye kanda ya trako tatu, kushoto, katikati na kulia, halafu kwa ajili ya santuri zikabanwa kuwa mbili. Zilipotolewa kwenye SACD kuanzia 2004 ile ya katikati ikarudishwa kwenye spika yake yenyewe. Hakuna kitu nyuma kabisa, ni spika tatu za mbele tu, ila mpiga fidla anasimama pale katikati kama mtu, hahami hata ukiinamisha kichwa. Kwa rekodi ya miaka ya 1950 naona ni jambo kubwa.

Sasa kwa nini zinakuwa adimu. Ya kwanza ni vita ya fomati. SACD ilitoka 1999, DVD-Audio ikatoka 2000, kampuni zikagawanyika, albamu hii iko huku ile iko kule, deki ya huku haisomi ya kule, na wanunuzi wengi wakaamua kukaa pembeni wasubiri mshindi, wakati huohuo faili za MP3 zikawa zimeshachukua watu. DVD-Audio ikafa ndani ya miaka michache, SACD ikabaki kwa lebo ndogo na klasiki na Japani. Ya pili watu hawaifikirii: leseni. Lebo ndogo inakodi haki ya miksi kutoka lebo kubwa kwa muda fulani au kwa idadi fulani ya kopi, ikiisha imeisha, hata kama wateja wanalia hawawezi kuchapa tena. Ndo maana diski inaweza kukaa inauzwa kwa bei ya kawaida mwaka mzima afu ghafla ikapotea na bei ikaruka. Mi nikiona miksi ya saraundi ninayoitaka ipo sokoni mpya naichukua ikiwa mpya, sisubiri ipungue bei, maana kupungua kwake na kuisha kwake vinafuatana.

Na hapa ndo ile habari ya miksi inakuwa ya muhimu kwenye mfuko wako. Albamu moja inaweza kuwa na miksi tofauti kabisa za saraundi na muuzaji asijue. Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ya mwaka 1973. Alan Parsons aliipanga kwa chaneli nne enzi hizohizo. Mwaka 2003 ikatoka SACD yenye miksi ya 5.1 (spika tano na sabufa moja) ya James Guthrie, mtu mwingine, masikio mengine. Ile ya Parsons ikaja kutolewa rasmi kwenye boksi kubwa la 2011. Mwaka 2023 ikaja ya Atmos, ile saraundi yenye spika za juu pia. Hizo ni kazi tatu, na ukimuuliza mkusanyaji ipi bora utasababisha mjadala wa usiku kucha. Kwa hiyo mtu akikuambia "hiyo ya zamani uza tu, imeshatoka mpya" mwulize kwanza kama ni miksi ileile. Mara nyingi siyo, na ile ya zamani ikiondoka haina pengine ilipo.

Ndo nikaanza kukusanya kwa majina ya mainjinia zaidi kuliko ya bendi. Elliot Scheiner, Chuck Ainlay ambaye 5.1 yake ya Brothers in Arms ya Dire Straits ilipata Grammy ya saraundi, Steven Wilson ambaye toka aanze na albamu za bendi ya King Crimson mwaka 2009 amepanga upya albamu nyingi sana za watu wa enzi zile. Wilson utaratibu wake naukubali mno, anaanza kwa kuijenga upya ile stereo ya awali mpaka ifanane, akishaielewa ndo anaipanua kwenda nyuma, kwa hiyo hausikii mtu anajionyesha. Ukishajua mkono wa injinia unaweza kununua albamu ya bendi usiyoijua kabisa na ukafurahi.

Kwenye kununua kwenyewe, kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye SACD ni alama ndogo nyuma ya kava. SACD siyo lazima iwe na saraundi! Kuna lundo la SACD za stereo tupu, zile za Rolling Stones za 2002 kwa mfano hazina saraundi, na zile za Japani za SHM-SACD karibu zote ni stereo. Tafuta maandishi Multi-ch. Yakiwepo sawa, kama imeandikwa Stereo peke yake basi hata iwe adimu namna gani haina nyuma. Muuzaji akiweka picha ya mbele tu mi naomba ya nyuma, naomba na picha ya diski yenyewe upande wa maandishi, maana makava ya hizi diski yanafanana sana na ya CD za kawaida za albamu hiyohiyo, na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika CD na makava huwa vinabadilishana wenyewe. Muuzaji mzuri hachoki kutuma picha.

DVD-Audio ina habari yake. Ndani ya diski moja kuna sehemu mbili: ya DVD-Audio yenyewe, na ya video ambayo deki yoyote ya DVD inasoma. Chaneli sita za biti 24 kwa kilohezi 96 ni karibu megabiti 13.8 kwa sekunde, na fomati inaruhusu 9.6 tu, ndo maana ikawekwa MLP, mbano wa Meridian usiopoteza hata biti moja, ambao baadaye ukawa msingi wa Dolby TrueHD. Ile sehemu ya video sasa mara nyingi ni Dolby Digital, mbano unaopoteza, ya kilobiti 448 kwa sekunde. Deki isiyo na uwezo wa DVD-Audio inakupeleka huko kimyakimya na inacheza vizuri tu, hakuna onyo lolote. Miksi unaipata ileile, hiyo ni faida kubwa kwa asiye na deki maalumu na kwa kweli ni njia nzuri ya kuanzia, ila ujue unachosikia ni kipi. Angalia kioo cha deki au cha risiva, yaani kile kifaa kinachosukuma spika, kitakuambia.

Diski ikifika, kabla ya kuicheza naishika pembeni na tundu la kati, nainamisha chini ya taa moja, siyo mwanga wa dirisha, taa moja yenye ukali. Mikwaruzo ya juujuu inayozunguka kama nywele sijali sana. Naangalia ukingo. DVD na SACD za haiburidi, zile zenye tabaka ya CD pia, ni diski mbili nyembamba za milimita 0.6 zilizogandishwa mgongo kwa mgongo, na gundi ikianza kuachia utaona ukingoni kama wingu, rangi ya maziwa au kahawia, linaingia ndani kidogokidogo. Hiyo hata kama leo inacheza kesho haitacheza. Afu naangalia kwenye tundu kama kuna mipasuko myembamba, ambayo inatokana na mtu kuichomoa kwa kuikunja badala ya kubonyeza meno ya kishikio. Nikishamaliza naicheza yote hadi mwisho siku hiyohiyo, wimbo kwa wimbo kwenye upande wa saraundi, maana nyimbo za mwisho ziko pembezoni mwa diski na matatizo ya ukingo yanaanzia huko. Ukisubiri wiki nne ndo uisikilize, muuzaji hana sababu ya kukusikiliza wewe.

Zile DualDisc za 2004 na kuendelea, CD upande mmoja na DVD upande wa pili, ni nene kuliko CD na hazikufuata viwango vya CD, kwa hiyo deki za kumeza, zile zisizo na trei, sizipi kabisa. Kuna albamu ambazo saraundi yake ipo huko tu, kwa hiyo zinahitajika, ila zipe deki ya trei.

Upande wa kufunga vifaa nitapita haraka, isipokuwa mambo ambayo yanawaibia watu starehe bila wao kujua. Deki nyingi za SACD zinakuja zimewekwa zisome stereo kwanza, maana diski ina eneo la stereo na eneo la saraundi, mbali na ile tabaka ya CD. Ingia kwenye menyu, weka Multi. Waya ya optiko haipitishi SACD wala DVD-Audio ya saraundi, sahau kabisa. Ilikuwa waya sita za analogi mpaka HDMI ilipokuja, toleo la 1.1 likapitisha DVD-Audio na la 1.2 la mwaka 2005 likapitisha DSD. Spika, mwongozo wa ITU, lile shirika la kimataifa la mawasiliano, unasema za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, za nyuma kati ya 100 na 120, yaani pembeni kidogo kurudi nyuma, siyo kwenye pembe za ukuta kule mwisho. Zote zikae umbali mmoja na wewe kama chumba kinaruhusu, na zisipokaa umbali mmoja rekebisha kwenye risiva. Nguvu ya kila spika pima, hata programu ya simu inatosha kwa kulinganisha, maana spika ya nyuma ikiwa chini kwa desibeli chache tu miksi nzuri inageuka stereo yenye ukungu, afu mtu analaumu diski.

Na usije ukairudisha diski ya chaneli nne kwa sababu spika ya katikati na sabufa ziko kimya. Ni 4.0. Hazijawahi kuwepo. Nimeona kopi nzuri kabisa zinauzwa kwa maelezo "ina hitilafu, katikati haitoi sauti", mi hizo nazinunua kwa furaha.

Kuna watu wanasema kwa sababu Atmos ipo kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hizi diski zimekwisha. Mi nafurahi Atmos ipo, imewaleta vijana wengi kwenye saraundi ambao wasingewahi kununua deki. Ila ile ya mtandaoni imebanwa kwa njia inayopoteza, kilobiti 768 kwa sekunde, wakati Blu-ray inabeba TrueHD isiyopoteza kitu. Na leseni ikibadilika, albamu inaondoka kwenye simu yako au inabadilishwa miksi bila kuulizwa. Blu-ray ndo ningemshauri anayeanza leo kwa kweli, deki ni nyingi, HDMI moja inamaliza kila kitu. 2L wa Norwei wanatoa Blu-ray za muziki toka 2008, wanarekodi makanisani, wanamuziki wamekaa duara wanaizunguka mikrofoni, kwa hiyo ukikaa kwenye kiti chako upo katikati yao, mwenye selo yuko nyuma yako kweli kwa sababu alikuwa nyuma ya mikrofoni kweli. Hiyo ni saraundi ambayo haina ubishi na stereo yoyote ya zamani, imezaliwa hivyo.

Kinachonipa wasiwasi zaidi saivi ni deki kuliko diski. OPPO, waliotengeneza deki zilizosoma karibu kila kitu, SACD, DVD-Audio, Blu-ray, walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha, na bei za zile zilizotumika zikapanda toka hapo. Zipo kampuni bado zinatengeneza, ila kila mwaka orodha inapungua, na kompyuta haisaidii, ukiweka SACD ya haiburidi kwenye kompyuta inaona CD tu. Kwa hiyo nimeweka deki ya pili ya akiba, nimeijaribu kwa kila aina ya diski ninayomiliki, na sikuifungia kwenye boksi. Mkanda wa mpira unaosukuma trei ukikaa muda mrefu bila kuzunguka unajikunja umbo la gurudumu na kuanza kuteleza, na mafuta ya reli ya leza yanakauka. Naiwasha mara kwa mara, nafungua na kufunga trei, naipa albamu nzima icheze, na kwa kuwa inabidi icheze naichagulia ile ninayoipenda.